Fimbo ya Mchungaji Ilitoka Wapi?



Katika mazungumzo ya leo nataka kujibu swali ambalo niliulizwa na mtoto, nami wakati ule sikulijibu vizuri. Askofu alikuwa amekuja parokiani kuwapa vijana Kipaimara. Ibada ilipokwisha, na watu wakiwa nje wakipanga picha, kijana mmoja wa darasa la sita akanivuta kanzu akaniuliza, "Kwa nini Askofu anatembea na fimbo, na yeye si mzee?" Nikamjibu haraka, kwa kuwa chakula kilikuwa kinangoja: "Ni kwa sababu yeye ni mchungaji wetu." Mtoto akanitazama. Kwao ni watu wa mifugo. Akasema, "Sasa ng'ombe wake wako wapi?"

Tulicheka sote. Lakini usiku ule nililala nikiwaza kwamba mtoto yule aliuliza jambo la maana kuliko mahubiri yangu ya asubuhi.

Sisi tumelizoea mno neno hili. Kitabu cha Sala hutuita makasisi, lakini ukipita barabarani watu husema, "Mchungaji, hujambo," wala hakuna anayekumbuka mbuzi wala kondoo. Wale wanaokumbuka ni ndugu zetu wanaochunga kweli. Nimesoma Zaburi ya 23 mbele ya wazee Wasamburu, na nilipofika mahali pa gongo na fimbo niliona vichwa vikitikisika, kwa maana wao hutoka asubuhi na vyombo hivyo hivyo viwili: rungu la kumpiga mnyama mkali, na fimbo ndefu ya kuegemea na kuongozea kundi. (Ndugu zetu wa Tanzania hutabasamu kidogo pale, kwa kuwa kwao gongo ni ile pombe ambayo sisi huiita chang'aa. Nitarudi kwenye chang'aa baadaye.) Daudi hakuwa akipamba maneno. Alitaja silaha moja na chombo kimoja cha kazi.

Basi fimbo hii ilitoka wapi? Wengi watadhani ilitoka malishoni ikaingia kanisani moja kwa moja. Sivyo. Ilipita kwanza katika majumba ya wafalme.

Mwaka 1922 wachimbaji walilifungua kaburi la Farao Tutankhamun huko Misri. Jeneza lake limechongwa kwa sura ya mfalme mwenyewe, mikono imepishana kifuani, na mkononi ameshika fimbo fupi iliyopindwa kichwani pamoja na kitu kama mjeledi. Fimbo ile iliyopindwa ni ya mchungaji. Kwa Wamisri ilikuwa alama ya utawala tangu zamani sana. Sasa kumbukeni habari tunayoisoma katika kitabu cha Mwanzo, kwamba Wamisri waliwachukia wachunga kondoo, hata Yusufu ikambidi kuwaombea ndugu zake mahali pa kukaa kando, katika nchi ya Gosheni. Mfalme ameshika fimbo ya mchungaji, na mchungaji mwenyewe haruhusiwi kuketi mezani!

Na ni katika nchi hiyo hiyo ya Misri ndipo tunapomsikia mtu wa kwanza katika Biblia akimwita Mungu mchungaji wake. Hakuwa Daudi. Alikuwa Yakobo, mzee ambaye macho yake yalikuwa yamefifia, amekaa kitandani akiwabariki wana wa Yusufu (Mwanzo 48). Katika Kiebrania neno alilolitumia ni neno la kuchunga kundi: Mungu ndiye aliyemchunga tangu kuzaliwa kwake hata siku ile. Yakobo alijua anasema nini. Alikuwa amechunga mifugo ya Labani miaka ishirini, akiungua kwa jua mchana na kukosa usingizi kwa baridi usiku, na mnyama akiraruliwa, hasara ilikuwa yake mwenyewe. Mtu wa namna hiyo anaposema Mungu alinichunga, hasemi juu ya picha nzuri ya ukutani. Anasema, Mungu alikesha kwa ajili yangu kama nilivyokesha mimi.

Upande wa mashariki, huko Babeli, mambo yalikuwa vivyo hivyo kwa wafalme. Hammurabi, aliyetawala tangu mwaka 1792 K.K. hivi hadi 1750 K.K., aliziandika sheria zake katika jiwe refu jeusi. Jiwe hilo lilichimbuliwa huko Shushani mwaka 1901, nalo sasa liko katika jumba la makumbusho la Louvre, mjini Paris. Mwanzoni mwa maandishi hayo mfalme anajiita mchungaji aliyechaguliwa na miungu. Jina zuri. Lakini ukiendelea kusoma, karibu na mwisho wa zile sheria 282, unakuta sheria zinazohusu wachungaji wa kweli, wale wa kukodiwa. Mchungaji akibadilisha alama ya mnyama na kumwuza kwa siri, atamlipa mwenye mali mara kumi. Simba akiua zizini, mchungaji ataapa na kusamehewa. Lakini kundi likiharibika kwa uzembe wake, atalipa yeye. Tazameni basi: mfalme anajiita mchungaji ukurasa wa kwanza, na ukurasa wa mwisho ameandika kwa mkono wake kwamba mchungaji mzembe sharti alipe. Je, ni nani angemdai mfalme?

Swali hilo lilikaa miaka zaidi ya elfu moja, mpaka alipotokea mtu wa kumdai.

Mtu huyo ni nabii Ezekieli. Alikuwa kuhani kijana aliyechukuliwa mateka pamoja na mfalme Yehoyakini mwaka 597 K.K., akakaa kando ya mto Kebari katika nchi ya Wakaldayo. Miaka kama kumi baadaye habari ikawafikia kwamba Yerusalemu umeanguka na hekalu limechomwa. Watu waliokaa kando ya mto ule walikuwa na kila sababu ya kumlaumu Nebukadreza. Ezekieli hakuanza na Nebukadreza. Alianza na wafalme na wakuu wa Israeli wenyewe, akawaita wachungaji waliojilisha nafsi zao (Ezekieli 34). Walikunywa maziwa, wakavaa sufu, wakachinja walionona. Aliyekuwa mgonjwa hawakumtibu, aliyevunjika hawakumfunga, aliyepotea hawakumtafuta. Naomba mwisikilizapo sura hii nyumbani, msome polepole, maana nabii hataji dhambi za ibada tu. Anataja kazi ya kila siku ambayo haikufanyika.

Halafu linakuja neno ambalo, kwa maoni yangu, ndilo kiini cha habari yote ya mchungaji katika imani yetu. Mungu hasemi kwamba atawatafutia kondoo wachungaji walio hodari zaidi. Anasema atakuja yeye mwenyewe. Ananyang'anya fimbo mikononi mwa wafalme na kuishika. Jina ambalo watawala wa dunia walikuwa wakijipa kwa fahari linakuwa sasa shtaka juu yao. Tangu siku ile, mtu ye yote anayeitwa mchungaji, awe mfalme au kasisi, anashika kitu ambacho kimekwisha kurudishwa kwa mwenyewe. Amekikopa.

Sasa tuende mpaka Injili ya Yohana, sura ya 10. Sote twaipenda sura ile, nasi huisoma kwa sauti ya upole, kana kwamba Bwana alikuwa akiwabembeleza watoto. Lakini angalieni aliisema wapi na kwa nani. Kipofu aliyeponywa alikuwa amefukuzwa katika sinagogi, sura moja kabla, na waliomfukuza ndio wanaosikiliza. Na Yohana anaendelea kutaja sikukuu ya Kutabaruku, wakati wa baridi. Sikukuu ile ilikumbusha mwaka 164 K.K., hekalu lilipotakaswa baada ya kutiwa unajisi na mfalme Antioko. Kila Myahudi alijua pia sehemu ya aibu ya habari ile: kwamba ukuhani mkuu ulikuwa umenunuliwa kwa fedha, kwanza na Yasoni, kisha na Menelao aliyetoa fedha nyingi zaidi. Basi Bwana aliponena juu ya mtu wa mshahara akimbiaye mbwa-mwitu ajapo, wasikilizaji wake hawakuhitaji maelezo. Na aliposema kwamba yeye ndiye mchungaji mwema, waliojua Ezekieli walielewa ametaja cheo ambacho Mungu alikuwa amejiwekea. Ndiyo maana waliokota mawe.

Twende haraka sasa kwa Wakristo wa kwanza. Je, picha ya kwanza waliyomchora Bwana ilikuwa ipi? Si msalaba; mtu aliyesulibiwa hakuchorwa hadharani mpaka miaka mingi baadaye. Miongoni mwa picha za kale kabisa tulizo nazo ni ile ya mchungaji kijana, kanzu fupi mpaka magotini, amebeba mnyama mabegani. Wapagani walikuwa wanayo picha ya namna hiyo kabla yao, ya mtu abebaye kondoo dume, wala hatuna haja ya kulificha jambo hilo. Wakristo waliichukua wakaijaza habari nyingine.

Nawaambia mahali pamoja. Kando ya mto Frati, katika nchi ya Shamu, palikuwa na mji wa askari uitwao Dura-Europos. Humo Wakristo walikuwa na nyumba ya kawaida tu, ya udongo, waliyoigeuza kuwa kanisa. Chumba kimoja kidogo kilikuwa cha ubatizo. Juu ya birika, ukutani, walimchora mchungaji amebeba kondoo mabegani, na kundi lake mbele yake. Mtu aliyeshuka majini alimwona yeye. Mwaka 256 hivi Waajemi wakauzingira mji. Walinzi walijaza udongo kando ya ukuta wa mji ili kuutia nguvu, na nyumba ile ikafunikwa pamoja na nyingine. Mji ukaanguka, watu wakaisha. Lakini udongo ule ule ukazihifadhi zile picha mpaka mwaka 1932, zilipofukuliwa. Hatujui jina la hata mmoja wa waliobatizwa mle chumbani. Tunajua tu walionyeshwa nani.

Na wakati huo huo mabishano yalikuwa yameanza juu ya mchungaji huyo. Huko Karthago, Afrika ya Kaskazini, mwanzoni mwa karne ya 3, aliishi Tertullian, mtu mwenye elimu kubwa na ulimi mkali. Askofu mmoja alikuwa ametangaza kwamba Wakristo walioanguka katika uzinzi, wakitubu, wapokewe tena. Waliomuunga mkono walitaja mfano wa kondoo aliyepotea. Tena vikombe vyao vilichorwa mchungaji akimrudisha kondoo. Tertullian aliwadhihaki na vikombe vyao. Alisema kondoo yule ni mpagani ambaye bado hajamjua Mungu. Mkristo aliyebatizwa kisha akaanguka si huyo. Sipendi kumhukumu mzee wetu huyu, maana alitetea utakatifu wa kanisa siku za mateso. Lakini katika jambo hili nadhani wenye vikombe ndio waliokuwa wamesoma Luka 15 vizuri zaidi. Kondoo yule alikuwa mmoja wa mia. Alikuwa wa zizini tangu mwanzo.

Huko Roma, katika makaburi ya chini ya ardhi yaitwayo ya Priscilla, yuko mchungaji mwingine wa karne ya 3, amechorwa darini. Ukimtazama mnyama aliye mabegani mwake utaona ni mbuzi.

Baadaye mambo yalibadilika. Mwaka 313 Kaisari Konstantino aliwapa Wakristo uhuru, makanisa makubwa yakajengwa, na polepole mchungaji yule kijana akaanza kutoweka kutani. Mahali pake akaketi Kristo juu ya kiti cha enzi. Huko Ravenna, Italia, katika jengo dogo la karne ya 5 liitwalo la Galla Placidia, mchungaji yupo bado, lakini mtazameni: amevaa kanzu ya dhahabu na vazi la zambarau, ameketi juu ya mwamba, na fimbo yake imekuwa msalaba wa dhahabu. Kondoo sita wamemzunguka, naye amenyoosha mkono kumgusa mmoja. Ni kazi nzuri mno. Lakini mabegani hamna kitu. Hapo mtu aweza kuona fimbo ikirudi taratibu katika majumba ya wafalme, ilikotoka.

Maaskofu nao wakaishika. Mtaguso wa Toledo, Hispania, mwaka 633, uliamuru kwamba askofu aliyeondolewa kwa dhuluma, akirudishwa, apewe tena mbele ya madhabahu pete yake na fimbo yake. Kwa hiyo kufikia wakati huo fimbo ilikuwa alama ya cheo. Na katika kanisa letu la Kianglikana kuna jambo ambalo wachache hulijua. Askofu Mkuu Thomas Cranmer alipotoa utaratibu wa kuwaweka wakfu maaskofu mwaka 1550, fimbo ilikuwamo. Askofu mpya alipewa Biblia, kisha akatiwa fimbo mkononi. Miaka miwili tu baadaye, mwaka 1552, utaratibu ukaandikwa upya na fimbo ikaondolewa. Biblia ikabaki peke yake. Yale maneno ya kumwonya awe mchungaji wa kundi, asiwe mbwa-mwitu, hayo hayakuondolewa.

Na katika kitabu hicho hicho cha 1552, Sala za Asubuhi na Jioni zikaongezewa maungamo ya pamoja, yale ambayo babu zetu waliyajua kwa moyo, ya kwamba tumepotea kama kondoo. Nani anayasema? Watu wote, pamoja na kasisi, kila mtu amepiga magoti. Kitabu kilichomtoa askofu fimbo mkononi kilimtia maneno ya kondoo kinywani. Katika karne ya 19 fimbo za maaskofu zilianza kurudi, nasi tunazo, wala sisemi tuzitupe. Nasema tu kwamba anayeishika amepiga magoti pamoja nasi dakika chache kabla, au ilimpasa.

Hapa kwetu Afrika ya Mashariki fimbo hiyo imewahi kugharimu damu. Askofu Mkuu Janani Luwum wa Uganda, pamoja na maaskofu wenzake, waliandika barua mwezi wa Februari 1977 wakipinga mauaji na uonevu wa utawala wa Idi Amin. Walijua mbwa-mwitu ni nani. Tarehe 16 ya mwezi huo alikamatwa na kuuawa. Serikali ilitangaza kwamba ilikuwa ajali ya motokaa.

Wengi wetu hatutapelekwa huko. Mimi nilishindwa mahali padogo zaidi, na nilisema nitarudi kwenye chang'aa.

Katika parokia yangu ya kwanza palikuwa na mama mjane, mwimbaji mzuri, ambaye hakukosa Jumapili. Mwaka mmoja karo ilimshinda, akaanza kupika chang'aa. Habari ikafika kwenye halmashauri ya kanisa, tukakutana, tukaamua azuiwe Meza ya Bwana mpaka atubu. Barua niliiandika mimi na kutia sahihi. Sikwenda kwake, niliituma. Jumapili iliyofuata hakuja, wala ile ya pili, na kitabu chetu cha mahudhurio hakikuonyesha kitu, kwa kuwa hesabu ya watu ilikuwa inaongezeka. Nilikuwa nikisoma hesabu ile mbele ya watu kwa furaha.

Baada ya miezi mitatu hivi nilikuwa nikitembea jioni, nikamkuta kijana akiwaingiza mbuzi wa mjomba wake zizini. Nikamwuliza kwa mazungumzo tu, "Wako wangapi?" Akasema hajui. Nikamwambia, "Sasa utajuaje mmoja akipotea?" Alisimama mlangoni, akawatazama wakipita, kisha akasema, "Yule mwekundu wa sikio lililokatwa hayupo." Akachukua rungu na fimbo yake, akarudi alikotoka, na giza lilikuwa linaingia.

Kesho yake nilikwenda kwa yule mama. Alikuwa jikoni. Nilikuwa nimejitayarishia maandiko ya kumsomea, lakini aliponiona alisimama, akaifuta stuli kwa kanga yake, akaniambia, "Karibu, Mchungaji. Kaa. Nilidhani umehamishwa."

Sikuyasoma yale maandiko. Tulinywa chai, akanionyesha barua ya shule, nami nikamwomba msamaha kwa ile barua yangu. Halmashauri ilisumbuka sana juu ya karo ile, na wazee wawili hawakukubaliana nami mpaka nilipohama. Mama yule alirudi kanisani majuma mengi baadaye, siku ambayo sikumtazamia, akakaa kiti cha nyuma karibu na mlango. Tulipofika kwenye maungamo nilimsikia sauti yake kabla sijamwona.